Sayari zikikaribiana alfajiri: mwongozo kamili wa kuziona na kuzipiga picha ukiwa Uganda

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza hili: sisi wa Uganda tumekaa pazuri sana kwa hii kazi. Ikweta inapita hapa hapa kwetu, pale Kayabwe barabara ya Masaka watu wanashuka kila siku kupiga selfi, na maana yake angani ni kwamba jua na sayari zinachomoza karibu wima, zinapanda moja kwa moja juu, hazitambai pembeni ya upeo wa macho kama watu wa Ulaya wanavyoziona. Sayari ambayo kwao bado imemezwa na mwanga wa jua, kwetu tayari iko juu na giza bado lipo. Hata Utaridi inayosumbua watu wengi huko kaskazini, sisi ukijua tu wiki yake unaiona kwa macho matupu.

Ila faida hiyo ina shida yake. Jua likipanda wima, kunapambazuka haraka. Kutoka mwanga wa kwanza kabisa mpaka jua kutokeza ni kama saa moja na dakika kumi hivi, na ndani ya hapo kipindi kizuri cha picha, yani mbingu imeshaanza kuwa ya bluu na sayari bado zinawaka vizuri, ni kama nusu saa tu, wakati mwingine dakika arobaini. Kwa hiyo karibu kila nitakachoandika hapa kinahusu kujiandaa kabla, kwa sababu ukifika pale hakuna muda wa kutafuta tena mashariki iko wapi.

Kwanza elewa kinachotokea

Sayari hazigusani wala hazikaribiani kweli. Ukisimama kilimani usiku ukaangalia barabara ya mbali, boda mbili zinakuja na taa, moja iko karibu na nyingine iko nyuma sana, lakini wewe unaona taa zimekaa pamoja, ndivyo ilivyo na sayari. Tarehe 12 Agosti 2025 Zuhura na Mshtarii zilionekana zimeachana chini ya digrii moja, ukinyoosha mkono mbele kidole kidogo kinaweza kuziba zote mbili, na bado Mshtarii ilikuwa mbali na sisi zaidi ya mara nne ya umbali wa Zuhura.

Sababu ya kukutana ni kwamba sayari zote zinazunguka jua karibu kwenye bapa moja, kwa hiyo tukiziangalia kutoka hapa chini zote zinapita njia ile ile angani, njia ambayo jua na mwezi pia wanapita, na kila moja ina mwendo wake. Zuhura inamaliza mzunguko kwa siku kama 225, Mshtarii karibu miaka 12, Zohali zaidi ya miaka 29. Ya haraka lazima itaikuta ya polepole na kuipita. Mshtarii na Zohali zinakutana kila baada ya miaka kama 20, na ile ya tarehe 21 Desemba 2020 zilikuwa zimeachana sehemu moja ya kumi ya digrii, ila ile ilikuwa ya jioni. Juni 2022 ndio ilikuwa raha ya alfajiri, sayari tano zote zinazoonekana kwa macho zilijipanga mstari mmoja kabla ya jua, tena kwa mpangilio wao halisi kutoka kwenye jua: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na tarehe 24 mwezi mwembamba ukaingia katikati ya Zuhura na Mirihi.

Kwenye programu za simu majina yanakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo shika haya usije ukapotea: Zuhura imeandikwa Venus, Mshtarii ni Jupiter, Mirihi ni Mars, Zohali ni Saturn, Utaridi ni Mercury. Kuzitambua angani si kazi. Zuhura ni nyeupe na ndiyo inayong'aa kuliko kitu chochote usiku ukitoa mwezi, ndiyo ile nyota ya asubuhi ya wazee wetu. Mshtarii mara nyingi inafuata, nyeupe ya krimu. Mirihi ina rangi ya chungwa kama kaa la moto, Zohali ni manjano iliyopoa. Na sayari kwa kawaida hazimetimeti kama nyota, zinawaka zimetulia, isipokuwa zikiwa chini kabisa karibu na upeo ambapo hewa nzito inazitingisha hata hizo.

Kupata tarehe na saa

Weka Stellarium kwenye simu, ni programu ya ramani ya anga, ya bure inatosha kabisa. Weka mji wako mwenyewe kwa mkono kama GPS inachelewa, kisha sogeza tarehe mbele mpaka siku unayotaka, saa iwe 05:45, uangalie mashariki. Na hapa wengi wanachanganya: 05:45 ya simu ni saa kumi na moja na dakika arobaini na tano alfajiri kwa saa zetu, kwa hiyo ukiwa unamtumia mwenzako ujumbe mkutane, mwandikie "alfajiri" wazi wazi asije akatokea jioni.

Kampala jua linachomoza kati ya karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huo ni mwezi wa Novemba mwanzoni, na karibu saa moja kamili, huo ni Februari. Fort Portal ongeza kama dakika tisa, Mbale punguza kama dakika sita au saba. Alafu chukua saa ya jua kuchomoza, rudi nyuma dakika 60, hapo ndipo uwe umeshafika, umeshatulia, kila kitu kimefungwa. Kuanzia dakika 50 mpaka dakika 25 kabla ya jua ndio moyo wa kazi. Zikibaki 20 mbingu imeshakuwa nyeupe sana, sayari hafifu zimeshapotea, Zuhura ndiyo inayobaki wazi zaidi.

Kwa anayeamka kuswali kuna alama rahisi zaidi, adhana ya alfajiri inafuata ule mwanga wa kwanza. Ukiisikia ujue kwamba saa imeanza kuhesabu, ukitoka msikitini angalia mashariki moja kwa moja, hapo ndipo penyewe.

Usiende siku ile moja tu! Hili nalisisitiza kwa sababu watu wanasoma kwenye habari kwamba "leo ndio leo", wingu linakuja, wanakata tamaa. Zuhura inasogea karibu na Mshtarii kama digrii moja hivi kwa siku, kwa hiyo siku mbili tatu kabla na siku mbili tatu baada bado ni tamu, na ukipiga picha kila asubuhi kutoka sehemu ile ile saa ile ile unapata mfululizo unaoonyesha zinavyosogeleana na kupishana, na mi kwangu huo mfululizo una thamani kuliko picha moja ya siku ya kilele, kwa sababu mtu akiuangalia anaona mbingu inatembea.

Tarehe za kuweka kwenye kalenda: 16 Novemba 2026 Mirihi inapita karibu na Mshtarii, digrii moja na kidogo, karibu na nyota angavu ya kundi la Simba. Sasa hii ina mtego wake. Zinachomoza karibu saa saba usiku, kwa hiyo kufika alfajiri zitakuwa zimeshapanda karibu na utosini, kwa macho ni nzuri sana lakini ukitaka picha yenye mti au paa la nyumba chini yake inabidi uamke mapema zaidi, kama saa nane na nusu usiku ambapo zitakuwa ngumi mbili za mkono ulionyooshwa juu ya upeo wa mashariki. Wiki hizo hizo Zuhura nayo itakuwa imerudi asubuhi, iko chini ya hizo mbili, mbali nazo, na mwanzoni mwa Desemba hilali inapita karibu na Zuhura, hiyo ya hilali na Zuhura ndiyo ningemwambia mtu anayeanza aichukue. Na mwanzoni mwa Novemba 2028 Zuhura na Mshtarii zinakutana tena alfajiri, karibu sana, mashariki kabisa, giza la kutosha. Hiyo usiikose.

Kutafuta mashariki yako

Hii ndiyo nusu ya kazi na ndiyo watu wanairuka. Tatizo la Uganda si mwanga wa mji, Zuhura na Mshtarii zinaonekana hata katikati ya Kampala taa zote zikiwaka, tatizo ni milima, miti, na maghorofa. Nenda mchana au siku moja kabla asubuhi uangalie jua linatokea wapi hasa. Mwezi wa sita linatokea kama digrii 23 kaskazini ya mashariki, wa kumi na mbili kama digrii 23 kusini, hiyo ni tofauti kubwa, kibanda ambacho hakikusumbui Juni kinaweza kuwa mbele ya sayari yako Desemba. Sayari zitatokea jirani na njia hiyo hiyo.

Alafu kuna hesabu nzuri ya ngumi ambayo inafanya kazi kwetu kuliko kwingine. Ngumi yako ukiinyoosha mbele ni kama digrii 10. Anga linazunguka digrii 15 kwa saa, na kwa kuwa kwetu vitu vinapanda wima, sayari inapanda ngumi moja kila dakika 40. Kama ukuta wa jirani una urefu wa ngumi moja na nusu juu ya upeo, sayari itauvuka saa moja baada ya ile saa ya kuchomoza iliyoandikwa kwenye programu. Piga hesabu hiyo mchana na utajua kama hapo panafaa au uhame.

Kampala tafuta paa bapa au ghorofa ya juu inayoangalia mashariki, vilima kama Muyenga na Mutungo viko vizuri. Entebbe ufukwe wa upande wa mashariki ya rasi unakupa maji mbele yako, na Zuhura ikiwa inang'aa sana na ziwa limetulia unaona mstari wa mwanga wake juu ya maji. Mbale mna shida kweli, ule ukuta wa Wanale na Mlima Elgon uko mashariki yenu haswa, afadhali mtoke nje ya mji kuelekea mji wa Kumi, mlima ukiwa mbali unakuwa mfupi, na hapo tena unageuka kuwa mapambo ya picha. Fort Portal Rwenzori iko magharibi kwa hiyo haikuzuii, na sayari zikishafifia geuka nyuma, kama hakuna mawingu mwanga wa kwanza unagusa vilele. Gulu, Lira na Soroti mmebarikiwa, nchi iko wazi. Kabale ukungu unalala mabondeni asubuhi, panda juu ya kilima uuache chini yako, na ukifanikiwa, ile bahari ya ukungu chini na sayari mbili juu, hakuna mtu Ulaya atakayekushinda.

Mawingu ni kisirani cha kila mtu. Ziwa Victoria lina tabia ya kupika mvua za radi usiku kuelekea alfajiri, kwa hiyo pwani ya ziwa na Kalangala inaweza kufungwa wakati Nakasongola au Luwero ni kweupe. Angalia picha za setilaiti za mawingu usiku kabla ya kulala, sio tu utabiri wa "mvua asilimia fulani". Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Agosti ndio miezi ya matumaini kwa kusini, ila Desemba mpaka Februari kaskazini watu wanachoma nyasi na moshi unakaa chini karibu na upeo, sayari zinaonekana nyekundu na hafifu. Novemba ni mvua kusini, kwa hiyo kwa ile ya 2026 na ya 2028 jipangie wiki nzima. Na asubuhi inayofuata mvua kubwa ya jioni ikishakatika, hewa imeoshwa, hiyo usilale.

Usalama, sio wa kuruka

Giza la saa kumi na moja lina mambo yake. Nenda na mwenzako. Mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au askari wa eneo mapema, mtu amesimama gizani na kamera kwenye miguu mitatu anaogopesha watu, na mazungumzo ya dakika tano mchana yanakuepusha na mengi. Panga na mtu wa boda unayemjua tangu jana yake. Usisimamishe kamera karibu na kambi za jeshi, uwanja wa ndege, mabwawa ya umeme au madaraja makubwa, hata kama lenzi inaangalia juu, nani atakuamini. Ukiwa kando ya maji kumbuka kiboko anakula nchi kavu usiku na alfajiri ndipo anarudi majini, usikae kati yake na maji, uliza wavuvi wa pale kabla, wao wanajua njia zake. Na mbwa wa watu.

Kuangalia kwa macho kwanza

Fika, zima tochi, punguza mwanga wa simu mpaka mwisho. Kama kuna taa ya barabara inakupiga usoni simama nyuma ya ukuta ikuzibe, inatosha. Jipe dakika kumi bila kupiga picha yoyote. Naomba kabisa ufanye hivi, kwa sababu kuna watu wanarudi nyumbani na picha hamsini lakini ukiwauliza ipi ilikuwa inang'aa zaidi hawajui. Linganisha rangi. Pima nafasi kati yake: kidole kidogo ni digrii moja, vidole vitatu vya kati ni kama tano, mwezi wenyewe ni nusu digrii tu ingawa kila mtu anadhani ni mkubwa zaidi. Andika kwenye daftari, kesho yake pima tena.

Ukiwa na darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita), utaona sayari mbili pamoja kwenye duara moja zikiwa zimeachana hata digrii tano. Egemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke, uangalie Mshtarii kwa utulivu: vidoti vidogo pembeni yake kwenye mstari ni miezi yake, ile minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, na kesho yake itakuwa imehama. Mtoto akionyeshwa hii hasahau. Pete za Zohali hazionekani kwa darubini hiyo, zinataka ya mguu inayokuza mara 25 au 30 kwenda juu. Na onyo moja ambalo halina mjadala: darubini iwekwe chini dakika kumi kabla ya saa ya jua kuchomoza. Jua likiingia ndani ya darubini na jicho liko pale, jicho limekwisha. Weka alamu.

Simu

Simu yoyote ya miaka ya karibuni, Tecno, Infinix, Samsung, inatosha, shida kubwa sio kamera ni mkono. Lazima simu isitikisike. Tripodi ndogo ya simu ni rahisi kuipata mjini, lakini kama huna chukua soksi nene, ijaze maharage au mchele, ifunge, iweke juu ya ukuta au juu ya kiti cha boda iliyozimwa, lalia simu hapo uielekeze unapotaka, inashika vizuri kuliko tripodi ya bei rahisi inayolegea shingo.

Futa lenzi. Siandiki kwa utani, mafuta ya vidole kwenye lenzi ndiyo yanafanya Zuhura iwe na mikia na ukungu kuizunguka, futa kwa kitambaa safi cha pamba. Alfajiri ya umande lenzi inapata mvuke, kwa hiyo simu ikae mfukoni karibu na mwili mpaka dakika ya kuitumia, na usiipumulie. Zima flashi.

Sasa ndani ya kamera tafuta hali ya Pro, ile unayopanga kila kitu mwenyewe. ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) anza 400, shata (muda wa kuingiza mwanga) anza sekunde 1, fokasi ipeleke kwa mkono mpaka mwisho kwenye alama ya mlima, alafu angalia kwenye skrini: sayari iwe doti ndogo kabisa, kama ni duara kubwa laini rudisha fokasi nyuma kidogo kidogo mpaka ijikaze. Weka taima ya sekunde 3 ili kidole chako kiwe kimeshatoka. Piga, angalia. Kama mbingu ni nyeusi na ardhi haionekani kabisa nenda sekunde 2 au ISO 800, kama sayari zimekuwa mabonge meupe rudi chini. Kadri kunavyopambazuka utakuwa unapunguza kila dakika chache, mwisho utajikuta ISO 100 na robo ya sekunde, na usisahau kupunguza maana mbingu inakimbia. Kama simu haina Pro tumia hali ya usiku, au hali ya kawaida: gusa sayari kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, alafu vuta kile kijua chini mpaka mbingu irudi kuwa bluu ya kweli. Kama simu inaweza kuhifadhi RAW (picha ghafi isiyobanwa na simu), washa, utakuja kushukuru wakati wa kusafisha.

Zumu ya kidijitali achana nayo, inakata tu picha na kuichafua. Kama simu ina lenzi ya pili ya kukuza mara mbili au tatu hiyo ni halali, lakini zingatia kwamba simu nyingi giza likizidi zinaibadilisha kimya kimya kurudi kwenye lenzi kuu, utajua kwa sababu picha inakuwa na punje punje.

Na hapa ndipo penye siri ya picha ya simu: lenzi ya simu ni pana mno, sayari zilizoachana digrii moja zitakuwa vidoti viwili vidogo kwenye anga kubwa, kwa hiyo picha yako lazima iwe na kitu kingine. Mgomba. Minara ya msikiti. Mtumbwi umefungwa, mvuvi anawasha taa. Mti wa muvule umesimama peke yake. Vitu viwe vyeusi vimekatwa vizuri mbele ya bluu, na sayari ziwekwe juu yake kwenye uwazi, sio zimepotea kwenye majani. Hii ndiyo sababu nilisema uende mchana: unaamua kabisa mgomba upi.

Kamera ya lenzi kubwa

Mwenye DSLR au nyingine ya kubadilisha lenzi, hata ile 18-55 inayokuja na kamera inafaa. Weka M (hali ya kupanga mwenyewe), kipenyo cha lenzi kifungue mpaka namba ndogo kabisa inayoruhusu, ISO 800, sekunde 2, fokasi kwa mkono ukiwa umekuza Zuhura kwenye skrini mara kumi. Muda wa shata una mpaka kwa sababu anga inatembea: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, na kwa kamera nyingi za kawaida zenye sensa ndogo zidisha kwanza urefu kwa 1.5, Canon 1.6. Lenzi ya 50 inakupa kama sekunde 6, lakini mi ningetumia nusu yake, kwa sababu sayari ziko karibu na ikweta ya anga ambako mwendo ni wa kasi zaidi, na doti ikivutika unaiona mara moja, inakuwa kijiti kilichosimama wima. Lenzi ya 200 isizidi sekunde moja.

Na 200 ina raha yake, sayari mbili zinaonekana zimeachana wazi kwenye fremu, ukipiga ISO 800 kwa sekunde moja miezi ya Mshtarii inatokea pembeni yake, Mshtarii yenyewe itaungua iwe nyeupe tupu na hiyo ni sawa, huwezi kupata vyote kwenye picha moja. Tundika begi zito chini ya tripodi upepo usiitikise, na zima ile stabilaiza ya lenzi (inayozuia mtikisiko) ikiwa juu ya tripodi maana nyingine zinatikisa badala ya kutuliza.

Kwa ule mfululizo wa siku nyingi, weka mawe matatu chini pale miguu ya tripodi ilipokaa, au chora kwa chokaa, kesho urudishe pale pale. Saa iwe ile ile kwa dakika. Piga pia picha moja mchana kutoka hapo, itakusaidia kulinganisha fremu.

Mwenye darubini lakini hana lenzi kubwa anaweza kuweka lenzi ya simu kwenye tundu la jicho la darubini, inataka uvumilivu na kifaa cha kushika simu, au mwenzako ashike darubini juu ya ukuta wewe ushike simu.

Ukiona doti inatembea kimya bila kupepesa, hiyo ni setilaiti au kituo cha anga za juu cha kimataifa, itaacha mstari kwenye picha ndefu, na mimi ningeiacha, ni sehemu ya asubuhi ile.

Kusafisha na kutuma

Fungua Snapseed, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Nyoosha upeo kwanza, ziwa likiinama kila mtu anaona. Punguza kidogo vivuli, ongeza utofauti kidogo, gusa rangi ya joto au baridi mpaka bluu ifanane na uliyoikumbuka, basi. Usiongeze ukali mpaka sayari ziote duara jeusi. Na tafadhali usibandike mwezi mkubwa wala kuzikuza sayari kwa kuzichora, mtu anayejua atagundua na hata zile picha zako za kweli hataziamini tena. Kama umeunganisha picha za siku tofauti, sema kwamba umeunganisha.

Andika chini ya picha: mahali, tarehe, saa, na majina ya sayari kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeiona anaweza kutoka nje kesho yake akaangalia mwenyewe, na ndio maana ni vizuri uitume siku ile ile, sio wiki ijayo sayari zikiwa zimeshaachana. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na vile vidoti viwili ulivyovihangaikia vinaweza kupotea kabisa.